Hiace yenye mkia juu: futi imekwisha kukujibu

Swali limetoka kwa kijana wa Mikindani, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Nina Toyota Hiace ya 2008, ile ya umbo la 200, inayosukuma tairi za nyuma. Nabeba watu wa harusi na wa unyago, na msimu wa korosho ukifika nabeba magunia ya baba kutoka Nanyamba. Gari likiwa tupu limebinua mkia kama jogoo, sipendi kabisa. Nataka kulishusha nyuma sentimita 5 likae kama yale ya Japani ninayoyaona kwenye picha. Fundi wa mtaani kwetu anasema atanitengenezea spesa za kukaa kati ya springi na ekseli, ama za skweapaipu (bomba la mraba) ya kuchomelea, ama za mpingo, maana mjomba wake ni mchongaji na ana vipande. Anasema mpingo ni chuma. Nimelala chini nikapima: kati ya ile raba ya kuzuia ekseli na ekseli yenyewe ni sentimita 7 gari likiwa tupu. Watu 14 wakikaa zinabaki 3. Nifanye?"

Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo ambalo wateja wangu wengi hapa Lindi hawalifanyi, umelala chini ya gari na futi mkononi. Na futi hiyo imekwisha kukujibu kabla yangu. Tupu una 7. Wakijaa zinabaki 3, maana yake abiria wanakula 4. Ukiweka spesa ya sentimita 5, gari tupu litabaki na 2. Sasa waite wageni wa harusi wapande. Hao wanataka 4, wewe una 2. Viti vikijaa nusu ekseli imeshagusa raba, na kila atakayepanda baada ya hapo anakalia raba, hakalii springi.

Kwa hiyo sentimita 5, hapana. Mpingo, hapana. Skweapaipu, hapana. Kushusha kidogo kwa spesa ya chuma iliyokerezwa inawezekana, na nitakuambia namna yake, lakini nina shaka kama unaihitaji.

Ile raba imewekwa kwa ajili ya bahati mbaya: shimo ambalo hukuliona, tuta lisilo na alama. Kazi yake ni kupokea pigo moja, kisha springi irudi kufanya kazi. Gari likiikalia safari nzima, kila tuta linapiga moja kwa moja kwenye bodi. Raba inachanika, halafu pale ilipofungwa panaanza ufa, na wewe utakuwa unashangaa kwa nini mlango wa nyuma haufungi vizuri siku hizi. Na tairi ikiruka haishiki barabara, breki haina kitu cha kushika.

Sasa mkia. Hiace ilizaliwa gari la mizigo. Springi zake za nyuma, zile za majani ya chuma yaliyopangana, zimepindwa kwa hesabu ya mzigo. Zikiwa tupu zinajikunja juu, zikibeba zinanyooka. Ukilitazama gari lako ubavuni likiwa na watu 14, utaona limekaa sawa kabisa. Huo mkia juu ni nafasi ya mzigo inayosubiri. Unataka kuiuza kwa ajili ya sura, na sikulaumu, kila mtu ana gari lake, ila ujue unauza nini.

Lakini kuna mambo mawili ya kutazama kabla hujamlipa mtu yeyote, na moja kati ya hayo huwa ndilo jibu.

La kwanza, hesabu majani ya springi kushoto na kulia, uyatazame usoni. Magari haya mengi yamepita mikono ya watu waliobeba mizigo mizito, na dawa ya haraka ya gari linalokaa chini ni kuongeza jani. Jani lililoongezwa halijifichi. Unene wake unatofautiana na wa wenzake, ncha yake imekatwa kwa grainda wakati za kiwandani zimekatwa kwa mashine, au rangi ya kutu yake si ya umri mmoja na mengine. Ukilikuta, mkia wako umetoka hapo. Litoe jani la mgeni, rudisha senta bolti (ile bolti ya katikati inayoshika majani pamoja) ya urefu wake, na gari litashuka lenyewe mpaka pale Toyota walipoliweka, bila spesa. Sizungumzii kutoa jani la kiwandani. Hilo usiliguse, maana utakuwa umepunguza nguvu ya springi, si kimo tu, na majani yaliyobaki yatabeba kazi ya lililoondoka mpaka moja likatike.

La pili, mbele. Watu wanaangalia mkia hawaangalii pua. Mbele ya Hiace hii hakuna springi za kuzunguka. Kuna toshenibaa, zile fimbo mbili ndefu za chuma zinazotoka kwenye mikono ya tairi za mbele kwenda nyuma chini ya sakafu, na zinabeba gari kwa kujinyonga. Zinachoka na umri. Gari la 2008 likishuka pua sentimita 2, mkia unaonekana umepanda sentimita 2 ingawa haujaenda popote. Kwenye ncha ya nyuma ya kila fimbo kuna bolti ya kurekebisha. Simamisha gari mahali palipo sawa, pima kutoka katikati ya habu ya tairi ya mbele hadi ukingo wa fenda juu yake, kushoto na kulia. Kama pande zimetofautiana, hapo pana kazi ya kufanya kwanza. Ukiipandisha pua sentimita moja na nusu hadi 2, ukasawazisha pande zote mbili, kisha ukapeleka alaimenti, yaani kunyoosha tairi, macho yako yataona gari limelala sawa, na zile sentimita 7 za nyuma zitabaki salama zote. Usizidishe hapo. Ukiinyonga sana, tairi ya mbele inakosa nafasi ya kushuka shimoni, gari linakuwa gumu kama mkokoteni, na bojointi, zile jointi za mviringo za mikono ya mbele, zinafanya kazi kwenye pembe zisizozipenda.

Wengi ninaowafanyia hilo la pua hawarudi tena kuniuliza habari za spesa. Lakini wewe ni kijana na picha za Japani umeziona, kwa hiyo tuendelee.

Lala tena chini utazame. Kwenye Hiace yako springi imepita chini ya ekseli. Ekseli imekaa juu ya springi, na yubolti (bolti zilizopindwa kama herufi U) mbili kila upande zinavikumbatia vyote viwili hadi kwenye bamba la chini. Ukichomeka kipande kati yake, ekseli haiwezi kwenda popote, inashikiliwa na tairi na tairi imekanyaga ardhi. Kinachosogea ni springi, inakwenda chini, na bodi inaifuata. Kipande kilekile ukikiweka kwenye pikapu ambayo springi imekaa juu ya ekseli, gari linapanda. Nimeona mtu analia kwamba spesa zimemfanyia kinyume.

Spesa za Japani ni kweli zipo, zinauzwa tayari kwa Hiace hii, za inchi moja, moja na nusu, na 2. Inchi 2 ndiyo sentimita 5 yako. Kitu ambacho picha haikuonyeshi ni kwamba kwenye mashimo ya kwetu wao hawapiti, na kwamba anayeshusha inchi 2 kwa akili timamu anabadilisha na vitu vingine vinne au vitano pamoja na spesa.

Tuje kwenye mpingo, maana naona fundi wako ameuamini na wewe unaanza kuuamini.

Simdharau mpingo. Sisi wa Kusini tumekua nao. Ni mti mzito hadi unazama majini, wakati mbao karibu zote unazozijua zinaelea. Ukiupiga nyundo, nyundo inaruka. Ukimwambia mtu kwamba kipande cha mpingo kitapondwa na uzito wa gari, atakucheka, na atakuwa na haki. Hakitapondwa. Tatizo lake liko kwingine.

Yubolti inashika kwa sababu imevutwa. Ukikaza nati, chuma cha yubolti kinarefuka kidogo sana, kama ugwe wa upinde, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana springi na ekseli pamoja. Mguu mmoja wa yubolti ya milimita 12, ya chuma kizuri, ukikazwa sawasawa unavuta karibu tani 3 na nusu. Kila upande wa gari una miguu minne. Ndiyo maana ekseli haisogei ingawa injini inaisukuma mbele na breki zinairudisha nyuma siku nzima. Sasa, mguu wa urefu wa sentimita 20 unarefuka kiasi gani ukikazwa hivyo? Chini ya nusu milimita. Hiyo nusu milimita ndiyo akiba yako yote. Ikiisha, hakuna kinachobana.

Chukua kipande cha mpingo cha milimita 50. Mti unakunywa maji na kuyatema kufuata hewa. Kwetu mvua zinaanza Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha miezi ya jua na upepo mkavu. Kipande kilichokatwa masika kikikauka kiangazi na kupungua asilimia moja tu kwa unene, kimepungua nusu milimita. Umeona? Akiba yote imekwenda, na hakuna nati hata moja iliyolegea kwa macho. Ukiitazama imekaa palepale ulipoiacha. Ongeza na tabia ya mti kukubali polepole ukibanwa muda mrefu, halafu kumbuka kwamba katikati ya kipande lazima utoboe tundu la kichwa cha senta bolti, na tundu ndipo ufa wa mpingo unapopenda kuanzia. Mjomba wa fundi wako anajua hilo kuliko mimi. Muulize ni vinyago vingapi vimempasukia kwa sababu mti ulikatwa ukiwa mbichi.

Skweapaipu nimeona kwa macho yangu, na hii sikusimuliwa. Iliingia gereji kwangu Hiace nyeupe kutoka upande wa Kilwa, mwenyewe analalamika gari linatembea kama kaa: usukani umepinda kushoto lakini gari linakwenda mbele. Tulilipandisha. Kabla sijagusa chochote niliona vumbi la rangi ya kahawia nyekundu kama pilipili ya kusaga, limejipanga pembeni mwa ekseli pale springi inapobanwa. Vumbi lile ni kutu ya vyuma vinavyosuguana, na ukiliona mahali palipopaswa kubana, ujue pamelegea zamani. Spesa ya kushoto ilikuwa bomba la mraba lililoingia ubavu, halikuwa mraba tena, lilikuwa limelala kama boksi la viatu lililokaliwa. Kona moja ya kuchomelea imefunguka. Senta bolti ilikuwa imekatika kama imekatwa kwa msumeno, na ekseli upande ule imerudi nyuma upana wa vidole viwili. Alikuwa ametoka safari na familia. Sikumwambia kitu, nilimwonyesha tu senta bolti kiganjani, vipande viwili, akaenda kukaa chini ya mwembe.

Kwa hiyo kama umeangalia majani, umeangalia pua, na bado roho inataka kushusha, basi shusha milimita 20, mwisho 25. Hesabu tena kwa futi yako: 7 toa 2 na nusu ni 4 na nusu. Watu 14 wanakula 4. Imebaki nusu sentimita. Kwa gari la abiria hiyo ni ndogo mno kwangu, na mimi ningesimama kwenye milimita 15 hadi 20, tena nikipunguza idadi ya watu. Ukijaza viti vyote na magunia juu, hata hiyo 20 usiiweke. Magunia 10 ya korosho, likiwa gunia la kilo 80, ni kilo 800, na hiyo haiko mbali na uzito wa watu wako 14. Mtu anayeshusha gari ameamua pia kubeba kidogo. Huwezi kuvipata vyote viwili kwenye springi moja.

Spesa yenyewe iwe ya chuma kigumu kisicho na uwazi ndani, au alumini nene ya mashine, na ikatengenezwe kwa fundi wa kukereza. Fundi wa kuchomelea mwache na kazi zake. Mtwara mafundi wa kukereza wapo. Upana wake uwe sawa na upana wa springi, urefu wake usipungue kile kiti cha ekseli kinachoikalia springi. Nyuso mbili, ya juu na ya chini, ziwe sambamba. Hapa usikubali kubembelezwa. Kipande cha urefu wa sentimita 10 ambacho upande mmoja umezidi mwingine milimita 5, kinaizungusha ekseli karibu digrii 3, na pua ya difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli) inatazama juu au chini kuliko inavyotakiwa. Propela, ile fimbo inayopeleka nguvu ya injini kwenye difu, itaanza kutetemeka ukifika mwendo fulani, jointi zitakufa, na utabadilisha jointi mara tatu kabla mtu hajafikiria kutazama spesa. Zikiwa sambamba kweli, difu inabaki ikitazama palepale, na kwa milimita 20 propela hailalamiki.

Uso wa chini wa spesa utobolewe tundu la kupokea kichwa cha senta bolti, bila kuchezacheza. Uso wa juu uwe na pini ya kukaa kwenye tundu la kiti cha ekseli, kipenyo kilekile cha kichwa cha bolti ya kiwandani. Hiyo pini ndiyo inayoweka ekseli mahali pake, na ikikosekana unategemea msuguano tu. Kipande kiwe kimoja. Ukikuta kwamba kimepungua kimo, usiongeze kibati juu yake, rudi kwa mkerezaji. Rangi usipake kwenye nyuso zinazobanwa, au paka nyembamba sana, kwa sababu rangi nene nayo inajikunja chini ya shinikizo na kula ile nusu milimita yako.

Yubolti mpya, ndefu kuliko za zamani kwa kimo cha spesa. Za zamani zimeshavutwa maisha yake yote, zitupe. Fundi wako atakuambia atapinda nondo na kukata nyuzi, maana nondo ipo na ni rahisi. Mwambie nondo ni ya zege. Chuma chake hakikuchaguliwa kwa kuvutwa hivyo, na ile mistari yake ya kando ndiyo ufa unapoanzia. Nunua yubolti za gari, na nati ziwe za daraja linaloendana nazo. Nyuzi ziwe safi na zenye mafuta kidogo tu, ukaze kwa msalaba, kidogo kidogo, miguu yote minne ipande pamoja, ukimaliza kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kazi ya mwisho ya kukaza ifanyike gari likiwa limekanyaga chini, si likiwa limening'inia kwenye jeki. Na ukiwa chini ya gari, jeki peke yake haitoshi. Weka stendi za chuma pande zote mbili. Tofali la saruji linapasuka bila kuaga.

Bolti zikishakazwa, kuna mambo matano ya kupitia. Manne mafupi, moja refu.

Shokapu: tazama jicho la chini limefungwa wapi. Kama limefungwa kwenye bamba la chini la yubolti, bamba na springi vinashuka pamoja na bodi, na shokapu inabaki na urefu uleule, usiguse. Kama limefungwa kwenye ekseli yenyewe, shokapu imekwisha kubanwa kwa kimo cha spesa, na lazima uhakikishe haifiki mwisho wake wa ndani kabla ekseli haijagusa raba, maana ikifika kwanza itakuwa yenyewe ndiyo raba.

Bomba la moshi linalopita juu ya ekseli, na waya za breki ya mkono: sukuma gari chini kwa mzigo, tazama visiguse popote.

Tairi ikipata pancha. Hili nalipenda kwa sababu hakuna anayelifikiria. Springi yako imeshuka, na ncha za yubolti sasa ndizo kitu cha chini kabisa. Tairi ya 195/80R15 ina ubavu wa milimita 156 na rimu ya milimita 381. Ikitoka upepo wote, gari linakaa karibu na rimu, yaani katikati ya habu inabaki kimo cha sentimita 19 hivi kutoka ardhini na kidogo cha mpira uliolala. Pima kutoka katikati ya habu kushuka hadi ncha ya chini ya yubolti. Ikifika 19, siku ya pancha ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa hiyo ncha italima lami. Kata mkia uliozidi wa nyuzi, ubakize nyuzi mbili tatu chini ya nati. Na kwenye njia za shamba za Nanyamba kumbuka visiki vinalijua bamba lako jipya.

Sasa la refu, breki. Magari mengi ya aina hii yana valvu ya breki inayopima mzigo, iliyofungwa kwenye bodi nyuma, na kifimbo au springi nyembamba iliyounganishwa na ekseli. Sina haja ya kukupa jina, utaitambua kwa hicho kifimbo. Inafanya hivi: gari likiwa tupu bodi iko juu, kifimbo kinajua, valvu inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili tairi nyepesi zisishike ghafla zikateleza. Likijaa, bodi inashuka, valvu inafungua breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Valvu haina mizani. Inajua umbali tu. Ukishusha bodi kwa spesa, valvu inaona gari limejaa, siku zote, hata ukiwa peke yako na redio. Siku ya manyunyu unateremka kutoka Newala kuelekea Masasi, gari tupu, unakanyaga breki kwenye kona, tairi za nyuma zinajifunga kabla ya za mbele, na mkia unataka kukupita. Dawa yake ni ndogo: bano la kifimbo lisogezwe kwa kimo kilekile cha spesa, upande unaorudisha kifimbo kwenye pembe yake ya mwanzo. Piga picha ya kifimbo kabla ya kufungua kitu chochote, gari likiwa tupu, kando yake weka futi. Ukimaliza, picha ya pili ifanane na ya kwanza. Kama gari lako halina valvu hiyo, umepona.

Taa nazo. Kuna umbali wa sentimita 257 kati ya tairi ya mbele na ya nyuma kwenye Hiace fupi ya kawaida. Nyuma ikishuka 2, mwanga wa mbele unapanda, na mita 25 mbele yako unakuwa juu karibu sentimita 20 kuliko ulivyokuwa. Kwa ile 5 uliyoitaka ingekuwa karibu nusu mita, machoni mwa dereva wa roli anayekuja kutoka Mingoyo. Ukipandisha pua kwa toshenibaa mambo ni hayohayo. Rekebisha taa ukutani jioni ileile.

Na kwa kuwa unabeba watu kwa malipo, gari lako liko chini ya macho ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na askari wa ukaguzi, na bima yako imeandikwa kwa gari la kawaida. Mkaguzi akiona vipande vya kujitengenezea kwenye ekseli ana haki ya kukusimamisha. Nenda ukamwonyeshe mwenyewe kabla ya kuingiza abiria, na uiambie bima kwa maandishi.

Ukishafunga, paka mstari wa rangi nyeupe unaopita kwenye nati na bamba, nati zote nane. Kisha endesha gari tupu, taratibu, kutoka Mtwara hadi Lindi, ni kama kilomita 100 hivi. Ukifika usitazame mstari tu, maana nilishakueleza kwamba yubolti inaweza kulegea na nati isisogee. Tia spana ya torki kila nati, kwa kipimo kilekile. Zitakubali kidogo, hiyo ni kawaida ya vyuma vipya vinavyokaa mahali pake. Rudia zikitimia kilomita 500. Mara ya pili nati yoyote ikikubali tena zaidi ya robo mzunguko, usiikaze ukaondoka. Fungua upande huo wote utafute kinachopungua.